Leseni ya kujifunzia Uingereza: inavyopotea na jinsi ya kurudi barabarani

Mtu akikwambia hana tena leseni huku Uingereza, usikimbilie kumpa pole wala namba ya wakili. Muulize kwanza: nani kaichukua? Ikiwa kadi imedondoka kwenye basi, hiyo ni shughuli ya pauni 20 na kusubiri posta. Ikiwa imefutwa kwa pointi za makosa na DVLA, ofisi ya leseni iliyoko Swansea kule Wales, anaweza kurudi barabarani mapema tu, ila kama mwanafunzi, na vibao vya L mbele na nyuma. Ikiwa ni hakimu ndiye aliyemfungia, hata gari la kujifunzia asiliguse mpaka muda uishe. Na ikiwa imeondolewa kwa sababu ya macho au kifafa, hakuna mtihani wa udereva utakaoirudisha kabla afya haijaruhusu.

Haya manne husimuliwa kwenye magrupu ya WhatsApp kana kwamba ni jambo moja. Mmoja anaandika kwamba yeye aliomba leseni ya kujifunzia wiki hiyohiyo na maisha yakaendelea. Mwenzake aliyefungiwa na mahakama anasoma, anaiga, anakamatwa. Hakuna aliyedanganya hapo. Ni kwamba leseni zao ziliondoka kwa njia tofauti, na kila njia ina marudio yake.

Ninachoeleza hapa ni cha England, Scotland na Wales. Ireland ya Kaskazini ina ofisi yake ya leseni na taratibu zake, kwa hiyo aliyeko Belfast afuate za huko.

Dereva mzoefu anaporudi darasani

Wengi wetu hudhani leseni ya kujifunzia ni mambo ya watoto wa miaka 17. Sivyo. Ukihamia Uingereza na leseni ya Tanzania, Kenya au Uganda, unaruhusiwa kuendesha gari dogo kwa miezi 12 tangu ulipokuwa mkazi. Miezi hiyo ikiisha, leseni ya nyumbani haina kazi tena kwenye barabara za huku. Zipo nchi ambazo leseni zao hubadilishwa bila mtihani, zikiwemo Afrika Kusini na Zimbabwe, na tangu 2021 Umoja wa Falme za Kiarabu pia, jambo lililowafaa wenzetu waliofanyia mtihani Dubai. Nchi zetu hazimo.

Kwa hiyo mtu aliyeendesha Fuso kati ya Makambako na Kariakoo kwa miaka 15 anajaza maombi yaleyale anayojaza kijana wa Luton aliyetoka shule, na analipa pauni 34 zilezile mtandaoni. Akiwahi kuiomba kadi hiyo ndani ya ile miezi 12, bado anaweza kuendesha bila vibao wala msimamizi kwa nguvu ya leseni yake ya zamani. Siku inayofuata baada ya miezi 12, ni mwanafunzi kamili. Hakuna wiki ya neema, na askari hatajali kwamba umebakiza mtihani mmoja tu.

Masharti ya mwanafunzi ni machache lakini hayana mjadala. Vibao vya L viwepo mbele na nyuma. Wales unaruhusiwa kuweka D badala yake. Bima iwe inamtambua yeye mwenyewe. Pembeni akae mtu mwenye miaka 21 au zaidi, anayeruhusiwa kuendesha aina hiyo ya gari, na ambaye amekuwa na leseni kamili kwa miaka 3. Hapo kwenye miaka 3 ndipo wajomba wengi wanapokwama, kwa sababu leseni inayohesabiwa ni ya Uingereza au ya nchi za Ulaya zilizotajwa kwenye kanuni. Mjomba mwenye leseni ya Kenya ya miaka 20 hahesabiki. Mjomba aliyefaulu mtihani wa huku mwaka jana naye bado. Na yule anayehesabika haruhusiwi kushika simu akiwa amekaa pale, hata kama ni kusoma ujumbe wa msibani.

Barabara kuu za kasi zilikuwa marufuku kwa wanafunzi mpaka 4 Juni 2018. Sasa wanaruhusiwa, lakini lazima wawe na mwalimu aliyeidhinishwa, kwenye gari lenye breki za pande mbili. Na mjomba haruhusiwi kuchukua nafasi ya mwalimu huyo.

Kadi ikipotea

Hili ndilo jepesi kuliko yote. Kadi ikipotea, haki yako ya kuendesha haijapotea, kwa sababu yenyewe imeandikwa kwenye kompyuta ya Swansea. Sheria hailazimishi utembee na kadi mfukoni. Polisi akikusimamisha huna, anaweza kukutaka uipeleke kituoni ndani ya siku 7. Unaomba nyingine mtandaoni kwa pauni 20. Ikiwa imeibwa, waambie polisi pia.

Maumivu yako mahali pengine. Mwanafunzi anatakiwa aonyeshe kadi kwenye mtihani wa nadharia na ule wa barabarani, na akifika bila kadi mtihani unafutwa, pesa hairudi. Kadi mpya inaweza kuchukua hadi siku 15. Kubadilisha tarehe ya mtihani wa barabarani bila kupoteza ada, kwa utaratibu ulioanza Aprili 2025, kunahitaji taarifa ya siku 10 za kazi. Piga hesabu mwenyewe: ukigundua wiki moja kabla ya mtihani kwamba kadi haionekani, zile pauni 62 tayari zimo hatarini. Nauli ya mwalimu na gari lake hatujaigusa. Kwa hiyo itafute kadi siku unapoweka tarehe, usingoje asubuhi ya mtihani.

Macho, kabla gari halijawashwa

Hii ndiyo njia ya kupoteza leseni ambayo wanafunzi hawaambiwi. Siku ya mtihani wa barabarani, mtahini anatoka nawe hadi kwenye maegesho na kukutaka usome namba ya gari lililo umbali wa mita 20. Ukikosea, anakuonyesha la pili. Ukikosea tena, anatoa futikamba, anapima umbali kamili, na kukupa nafasi ya tatu. Asiyeweza kutamka herufi kwa Kiingereza anaruhusiwa kuandika anachokiona kwenye karatasi. Mahali hapa, angalau, lugha haimwangushi mtu.

Nafasi ya tatu ikipita, mtihani umeishia palepale, usukani hujaugusa. Lakini si kufeli tu. Taarifa inapelekwa DVLA na leseni yako ya kujifunzia inafutwa. Ulikuja na leseni, unarudi bila. Ukiomba tena, utaitwa kwanza kupimwa macho kwenye kituo cha mtihani, na hata ukipita hapo, siku ya mtihani mwenyewe utasoma tena namba ya gari kama mtu mwingine yeyote. Miwani iliyosahaulika kitandani inatosha kuleta safari yote hiyo.

Maradhi mengine huenda kwa mkondo huohuo. Mwenye kifafa kwa kawaida anatakiwa akae miezi 12 bila kuanguka kabla ya kuruhusiwa gari dogo. Anayetumia insulini anatakiwa aijulishe DVLA. Kunyamaza kuna faini ya hadi pauni 1,000, na ukisababisha ajali unaweza kushtakiwa. Najua kwetu ugonjwa ni siri ya nyumbani, ila fomu hizi hazisomwi na majirani, na wengi wanaojitangaza hupewa leseni ya muda mfupi badala ya kunyimwa.

Pointi 6, pointi 12, na nani zinamhusu

Huku makosa ya barabarani huandikwa kwa pointi. Kupita kasi kwa kawaida ni pointi 3 na pauni 100. Kushika simu unapoendesha ni pointi 6 na pauni 200, tangu 1 Machi 2017. Kuendesha bila bima ni pointi 6 na pauni 300 likimalizwa bila mahakama. Likifika mahakamani pointi zinaweza kufika 8. Mwanafunzi anayeendesha peke yake bila msimamizi anaweza kupewa hadi pointi 6 na faini ya hadi pauni 1,000. Na kampuni ya bima ikisema mkataba wake ulitaka ufuate masharti ya leseni, shtaka la bima linaweza kufuata nyuma.

Sasa watu husema "ukifika pointi 6 leseni inafutwa." Ni kweli kwa watu fulani tu. Mwanafunzi ambaye hajafaulu mtihani hafutiwi kwa pointi 6. Yeye, sawa na dereva yeyote, akifikisha 12 ndani ya miaka 3 hupelekwa mahakamani na kufungiwa, kwa kawaida si chini ya miezi 6. Pointi 6 ni mtego wa aliyefaulu karibuni. Sheria ya madereva wapya ya 1995, iliyoanza kutumika 1 Juni 1997, inasema aliyefaulu mtihani wake wa kwanza yuko chini ya uangalizi kwa miaka 2, na akifikisha pointi 6 za makosa ndani ya muda huo, DVLA lazima ifute leseni yake. Lazima. Afisa wa Swansea hana ruhusa ya kukuonea huruma.

Sheria hiyo haiulizi umeendesha miaka mingapi Afrika. Mtihani uliofaulu Nairobi au Dodoma hauhesabiki kama mtihani wa kwanza. Dereva wetu wa Fuso, siku anapofaulu mtihani wa Uingereza akiwa na miaka 45, ndiyo kwanza anaanza kuhesabiwa kama mpya. Nimeona watu wazima wakilichukulia jambo hili kama tusi. Linaudhi, lakini afadhali kuudhika mapema kuliko kushangaa baadaye.

Tena pointi ulizozipata ukiwa mwanafunzi hazifutiki kwa kufaulu. Chukua mtu aliyenaswa na kamera ya mwendo kasi wakati wa mazoezi, akapewa pointi 3. Miezi kumi baadaye akafaulu, akafanya sherehe, akabandua vibao. Mwaka mmoja baadaye kamera nyingine, pointi 3 nyingine. Machoni pake ni kosa moja tangu awe dereva kamili. Kwenye kompyuta ni 6, na leseni inafutwa. Aliyefikisha 6 zote akiwa mwanafunzi hafutiwi siku ya kufaulu, lakini kosa lolote la pointi ndani ya miaka 2, hata lile dogo kabisa, linamrudisha kwenye vibao.

Kinachotazamwa ni tarehe ya kosa. Ukishika simu wiki moja kabla ya miaka 2 kutimia na kesi ikasikilizwa miezi minne baadaye, umo ndani ya muda. Kuahirisha kesi hakukusaidii kitu.

Barua ambazo hazikufika

Nyumbani tumezoea trafiki ambaye unamwona uso kwa uso: anasimamisha gari, anaishika leseni, mnazungumza. Huku mara nyingi hakuna mtu. Kamera inapiga picha, na barua inakwenda kwa aliyesajiliwa kuwa mwenye gari. Barua ya kwanza inatakiwa itumwe ndani ya siku 14, na inakuuliza nani alikuwa anaendesha. Una siku 28 za kujibu. Usipojibu, hilo lenyewe ni kosa, na pointi zake ni 6.

Soma tena hapo. Kosa la kwanza lilikuwa la pointi 3, au pengine lingeishia kwenye darasa la usalama barabarani ambalo halina pointi kabisa. Kwa kutojibu barua, dereva mpya amepata pointi 6 kwa mpigo mmoja. Kwenye nyumba za kupangisha vyumba, za East Ham au Slough, ukifungua mlango wa mbele unakuta rundo la bahasha kwenye mkeka: za benki, za halmashauri, za watu waliohama tangu mwaka juzi. Mpangaji mmoja anazisogeza kwa mguu, mwingine anazipanga kwenye ngazi, hakuna anayefungua. Bahasha ya polisi imo humo. Na baada ya miezi kadhaa, iliyomo humo ni ya Swansea inayosema leseni imefutwa.

Ndiyo maana anwani si jambo dogo. Kutobadilisha anwani kwenye leseni kuna faini ya hadi pauni 1,000, na kuibadilisha ni bure. Lakini hasara kubwa si faini. Leseni ikishafutwa kuanzia tarehe iliyoandikwa kwenye barua, kadi iliyomo mfukoni mwako inabaki iking'aa vilevile, picha ileile, tarehe ya mwisho bado mbali. Unaendelea kwenda kazini. Ukisimamishwa, huna leseni, na kwa sababu huna leseni bima nayo inatiliwa shaka, na polisi wana mamlaka ya kulichukua gari palepale. Usipolikomboa mapema linaweza kuuzwa au kupondwa. Mtu anaanza na kamera moja na kumaliza akiwa amesimama kando ya barabara na viti vya watoto mkononi.

Neno kuhusu ile tabia ya kuandika jina la mtu mwingine kwenye fomu, ndugu aliyeko Mombasa au rafiki mwenye leseni safi. Hapo umetoka kwenye makosa ya barabarani na kuingia kwenye kupotosha haki, ambako adhabu ni jela. Chris Huhne, aliyekuwa waziri wa nishati wa Uingereza, alimbebesha mkewe wa wakati huo, Vicky Pryce, pointi za mwendo kasi mwaka 2003. Machi 2013 wote wawili walihukumiwa miezi 8 gerezani. Ikiwa waziri hakuponyoka, sisi tunaohangaika na vibali tusijaribu.

Je, inaweza kuzuiwa?

Watu wengi hulipa wakili wakiamini atamweleza hakimu kwamba bila gari kazi itapotea na watoto watateseka. Utetezi huo wa taabu isiyo ya kawaida upo, na mahakama huusikiliza, lakini ni wa wale wanaokabiliwa na kufungiwa kwa pointi 12. Kwa pointi 6 za dereva mpya hauna pa kusemewa, kwa sababu anayefuta leseni ni DVLA, na hakimu haulizwi.

Njia nyingine inayopendwa ni kumwomba hakimu akufungie siku chache badala ya kukupa pointi, ili zisifike 6. Kimantiki inawezekana. Ila mwongozo wa hukumu unawaambia mahakimu kwamba kwa kawaida haifai, maana ni kuizunguka nia ya Bunge. Ukiikata rufaa hukumu yenyewe na DVLA ikajulishwa, leseni hurudishwa kwa muda mpaka rufaa iamuliwe. Hiyo ni silaha halali, lakini iwe na sababu. Rufaa ya kununua muda huishia kuongeza gharama.

Kinga rahisi iko mwanzoni kabisa. Ukiitiwa darasa la usalama barabarani badala ya pointi, likubali na uhudhurie. Polisi hawalazimiki kukuitia, na kwa kawaida halirudiwi ndani ya miaka 3.

Leseni ikishafutwa: kuanza upya bila kungoja

Hapa kuna habari njema ambayo wengi hawaijui. Kufutiwa leseni kwa pointi 6 si kufungiwa. Hakuna muda wa kutumikia. Unaomba leseni mpya ya kujifunzia mara moja, na ikifika unaweza kuendesha gari lako mwenyewe, ilimradi vibao vipo, msimamizi anayehesabika yupo, na bima imebadilishwa. Hilo la mwisho msilisahau: bima ya dereva kamili haigeuki yenyewe kuwa ya mwanafunzi, na kampuni inatakiwa iambiwe. Zipo bima za wanafunzi zinazouzwa kwa siku au kwa wiki kwenye gari la mtu mwingine, na wakati mwingine ndizo nafuu.

Mitihani inarudiwa yote miwili. Ule wa nadharia uliofaulu zamani hauhesabiki. Ni pauni 23, maswali 50, na lazima upate 43. Sehemu ya pili ni video za kutambua hatari, ambako unatakiwa upate alama 44 kati ya 75. Mpaka 2014 ulikuwa unaweza kuufanya ukisikiliza sauti katika lugha 19 za kigeni. Tangu 7 Aprili mwaka huo ni Kiingereza au Kiwelsh tu. Usiudharau kwa sababu uliwahi kuupita: aliyeendesha kwa mwaka mzima ana mazoea yake, na zile video huadhibu mazoea, hasa ya kubonyeza ovyo. Ukifeli unangoja siku 3 za kazi. Cheti chake kina maisha ya miaka 2.

Wa barabarani ni pauni 62 siku za kazi, 75 jioni na wikendi. Ukifeli, siku 10 za kazi kabla ya kurudia. Lakini siku 10 ni za kwenye karatasi. Nafasi zenyewe hupatikana baada ya miezi, na hapo ndipo madalali wanapoingia na kuuza tarehe kwa mara mbili tatu ya ada. Tovuti ya serikali huachia nafasi zilizoachwa na wengine, hasa kwa anayeitazama asubuhi mapema na aliye tayari kwenda kituo cha mji wa jirani. Chukua masomo mawili matatu kwa mwalimu hata kama unajua gari kuliko yeye. Mtahini hatafuti ujuzi wa kupita mashimo. Anatazama kama umegeuza kichwa kuangalia upande usioonekana kwenye vioo.

Hakimu akikufungia

Kufungiwa ni jambo jingine kabisa. Muda wa kufungiwa, huendeshi chochote, na vibao vya L havikuokoi. Ukikutwa, England na Wales unaweza kufungwa jela hadi miezi 6. Isipokuwa kuna amri moja inayofanana kwa jina: kufungiwa mpaka ufaulu mtihani. Chini ya amri hiyo, muda wa lazima ukishapita, unaruhusiwa kuchukua leseni ya kujifunzia na kuendesha kwa masharti ya mwanafunzi. Soma karatasi ya mahakama neno kwa neno. Kama hujaielewa, muulize karani wa mahakama kabla hujaondoka ukumbini.

Ukifungiwa chini ya siku 56, haki yako hurudi yenyewe muda ukiisha. Siku 56 au zaidi, lazima uombe leseni upya, na DVLA hutuma fomu siku 56 kabla ya mwisho. Inatumwa kwenye anwani waliyonayo, kwa hiyo tumerudi kwenye mambo ya bahasha. Kwa makosa mazito kama uendeshaji wa hatari, mahakama huamuru mtihani mrefu, unaochukua kama dakika 70 badala ya 40.

Pombe ina hesabu yake. Kufungiwa ni si chini ya miezi 12, hata kwa mwanafunzi. England na Wales kikomo cha pombe kwenye pumzi ni mikrogramu 35 kwa mililita 100. Scotland ilishusha hadi 22 mwezi Desemba 2014, kwa hiyo mtu anaweza kuondoka Carlisle, England, akiwa halali na kuingia Gretna, Scotland, akiwa mhalifu. Ukiimaliza kozi ambayo mahakama imekupa, muda hupungua kwa kawaida kwa robo. Aliyepimwa 87.5 au zaidi, au aliyekataa kupimwa, au aliyerudia ndani ya miaka 10, hapewi leseni mpaka daktari wa DVLA aridhike.

Baada ya kufaulu tena

Aliyefutiwa kwa pointi 6 akifaulu upya hawekwi tena chini ya miaka 2 ya uangalizi. Hiyo hutolewa mara moja tu maishani. Lakini pointi zake 6 bado zipo, na anahitaji 6 nyingine tu kufika 12. Cha kushangaza, aliyefungiwa kwa pointi 12 hurudi akiwa na ukurasa safi, kwa sababu pointi za kabla ya kufungiwa kwa namna hiyo hazihesabiwi tena. Pointi nyingi hufanya kazi kwa miaka 3 na kubaki kwenye rekodi kwa 4. Za pombe hubaki 11. Kampuni za bima huuliza makosa ya miaka 5 iliyopita, na ukificha wanaweza kubatilisha mkataba siku unapouhitaji.

Rekodi yako unaweza kuitazama bure kwenye tovuti ya serikali kwa namba ya leseni, namba ya bima ya taifa na msimbo wa posta wa anwani iliyoko kwenye leseni. Humo utaona kama wewe ni mwanafunzi, dereva kamili au umefungiwa, na pointi zako na tarehe zake. Mwajiri akitaka uthibitisho, unatengeneza namba ya siri palepale na kumpa; inadumu siku 21.